Nataka kuunda gitaa la klasiki kwa mkono, mpingo mwili mzima unafaa?

fundi_keko

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni fundi seremala, mwaka wa kumi na moja huu nipo Keko, makochi, vitanda, makabati ndo kazi yangu, na jioni napiga gitaa kwaya ya kanisani kwetu. Gitaa lenyewe ni la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, nililinunua mtumba, na mwezi uliopita mgongo ukaachia gundi nikaubandua wote ili niugundishe upya. Wakuu, nilivyoona ndani sikulala. Mle ndani kuna vijiti vyembamba vimepangwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, ubao wa mbele mwembamba unapitisha mwanga ukiushika juani, hakuna msumari ata mmoja. Nikasema huu ni useremala, tena useremala mtamu kuliko wote niliowahi kuushika, kwanini nisiunde la kwangu?

Sasa kuna jamaa analeta mapande ya mpingo toka Lindi, na toka zamani nasikia mpingo ndo mti wa muziki wenyewe, klarineti na oboe, zile zumari za huko Ulaya, ni mpingo wetu huu huu. Nikawaza nifanye gitaa lote mpingo, mbele, mgongo, mbavu za pembeni, shingo, kila kitu, liwe gitaa la hapa hapa kwetu kwa asilimia zote.

Je inawezekana? Na ubao uwe unene gani? Halafu freti, vile vyuma vya kugawa noti kwenye shingo, nimejaribu kunakili alama za gitaa la zamani kwa penseli juu ya kipande cha mbao nikafunga uzi mmoja kujaribu, noti za chini ziko sawa ila kadri unavyopanda juu zinazidi kupotea. Na mbavu zinakunjwaje, maana kipande cha kwanza nimekichemsha kwenye sufuria nusu saa, nilivyokikunja kikapasuka katikati paa.

Nina randa mbili, patasi, jiriwa, msumeno wa mkono, klempu nane na drili. Mashine kubwa sina. Natanguliza shukrani.

mbongo_granada

Mkuu hongera sana. Mimi nipo Granada, Hispania, mwaka wa sita, karakana ninayofanyia kazi iko karibu na Cuesta de Gomérez, ule mtaa wa kupanda kwenda Alhambra ambao mafundi wa magitaa wamejipanga huku na huku. Nilianza kwa kufagia na kunoa patasi, saivi nabandika nyuso mwenyewe. Na usijione mdogo kwa kuwa fundi wa makabati. Antonio de Torres, mtu wa Almería aliyezaliwa 1817 akafa 1892, ambaye gitaa la klasiki la leo karibu lote linafuata umbo na vipimo vyake, alianza useremala akiwa na miaka 12.

Swali lako la kwanza: uso wa mpingo hapana. Nikisema uso nina maana ubao wa mbele wenye tundu.

Uzi wa nailoni hauna nguvu kubwa. Kidole kinauchomoa, unatikisika, na kale kanguvu kadogo ndo kanatakiwa kautikise ubao wote wa mbele ili hewa ya ndani nayo itikisike sauti itoke. Kwahiyo ubao unatakiwa uwe mwepesi sana halafu uwe mgumu kwa urefu wake ili usikunjwe na mvuto wa nyuzi. Sprusi, mti wa nchi za baridi unaotumika kwa nyuso za magitaa, mita moja ya ujazo ina kilo 400 na kidogo. Mpingo unapita kilo 1,200, ukiutupa majini unazama. Kumwambia uzi wa nailoni autikise mpingo ni kumtwisha mtoto gunia la saruji. Utapata gitaa zuri la kutazama, lina uzito wa mlango, na sauti inaishia kwenye kifua chako mwenyewe.

Torres alilionyesha hili mwaka 1862. Aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu ni za karatasi, makaratasi yaliyogundishwa tabaka kwa tabaka, ila uso akaweka sprusi nzuri. Lipo makumbusho ya muziki Barcelona. Alitaka watu waelewe kwamba uso ndo gitaa lenyewe, vingine vyote ni nyumba ya kuuweka huo uso.

Kwa hiyo pesa yako na muda wako viweke usoni. Tafuta sprusi, au sida nyekundu ile ya Amerika Kaskazini (sida ilianza kutumika sana miaka ya 1960, karakana ya Ramírez kule Madrid ndo waliifungulia njia). Vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja kama unavyofungua kitabu, ukitazama kichwa cha ubao mistari ya umri wa mti isimame wima kama meno ya chanuo, isilale. Ikilala ubao unakuwa laini upande na unapinda unyevu ukibadilika. Unaunga katikati, unapiga randa mpaka mm 2.5 katikati na kama mm 2 kuelekea kingo. Lakini hizo namba ni za kuanzia tu. Kila ubao una tabia yake, ukifika mm 3 anza kuushika kwa vidole viwili karibu na kingo na kuugonga kwa kidole cha mkono mwingine. Mwanzo unasikia sauti kavu ya mbao, endelea kupunguza taratibu, kuna mahali unaanza kuitika, sauti inakuwa na mkia. Ubao wa kwanza hutajua pa kusimama. Simama mapema kidogo kuliko unavyotamani.

Vile vijiti ulivyoviona ndani Torres aliviweka saba, na wengi mpaka leo wanaweka saba. Viwe vya sprusi pia, nyuzi za mti ziende moja kwa moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndo maana sisi hatuvikati kwa msumeno kwanza, tunavipasua kwa patasi ili mti wenyewe uonyeshe njia yake.

Mpingo kwa mgongo na mbavu unaruhusiwa kabisa, ni ndugu wa damu wa rozwudi zote, zile mbao nzito zinazopendwa kwa magitaa, ukoo wa Dalbergia. Shida ni saizi. Ubavu mmoja unataka kipande cha sm 80 kwa sm 10 kisicho na fundo wala ufa, na shina la mpingo limepinda na lina mashimo katikati. Klarineti inakatwa vipande vifupi ndo maana wao wanapona. Wewe mpingo wako utumie kwenye ubao wa freti. Hapo hakuna mti duniani naouheshimu zaidi, sm 48 kwa sm 7 kwa mm 7 unatosha, na kucha za wapigaji zitapita hapo miaka hamsini bila kuuchimba. Kabla ya kugundisha futa uso wa mpingo kwa kitambaa chenye asetoni, una mafuta, gundi inateleza.

saipresi_nyandarua

Naungana na huyo wa Granada, na niongeze kitu kimoja ambacho naona watu wa hapa kwetu hatukioni kwa sababu tumekizoea. Mimi niko Kenya, upande wa Nyandarua, na magitaa yangu matatu ya kwanza mgongo na mbavu ni saipresi. Hii saipresi ya kawaida ya timba yadi, ile mnajengea paa.

Skizeni. Kule Hispania magitaa ya flamenko, muziki wao wa kienyeji, yale meupe yanaundwa kwa saipresi, na Torres mwenyewe aliunda mengi ya saipresi, wakati huo ilikuwa mbao ya bei nafuu pale kwao. Ile ya kwao na hii yetu ni aina mbili tofauti lakini ni familia moja, na ukiishika unajua, nyepesi, ngumu vya kutosha, inanukia, inakunjika kwa moto bila kukusumbua. Huyu fundi wa Keko ameshavunja kipande kimoja cha mpingo, akivunja vinne hiyo ni pesa ngapi na roho imekufa? Na saipresi avunje tu, anarudi yadi ananunua ubao mwingine.

Kazi ni kuchagua. Usichukue ubao wa kwanza unaopewa. Mimi huenda asubuhi wakishusha lori, naangalia vichwa vya mbao kwanza sio upande, natafuta ile mistari iliyosimama wima, naangalia mafundo yako wapi maana saipresi yetu ina mafundo mengi kwa kuwa matawi hayakukatwa mapema, katika mbao hamsini naweza pata mbili. Halafu naikata urefu ninaohitaji naiweka juu ya dari jikoni miezi sita, mwaka ikiwezekana. Timba ya yadi iko na maji sana, ukiiunda ivo itakuja kujifungua yenyewe.

Shingo mimi natumia mahogani, nyinyi huko mnaita mkangazi, iko sawa kabisa. Spanish sida wanayoitumia kule kwa shingo, ile sedrela, haitoki Hispania wala si sida ya kweli, ni mti wa Amerika ya joto, na nasikia Tanzania ilipandwa zamani, upande wa Morogoro imekuwa hadi kero msituni.

fundi_keko

Aisee wakuu mmenifungua macho. Sedrela ni kweli, kule Kimboza njia ya Matombo imesambaa msituni inasukuma miti ya asili, mbao zake nimewahi kuzipiga randa, nyekundu kwa mbali, nyepesi, zinanukia kama sanduku la penseli. Sikujua ndo shingo za magitaa.

Mpingo nimekubali utakaa kwenye freti. Roho iliniuma kidogo ila nimekubali.

Sasa sprusi huku haioti. Nauliza, paini ya Sao Hill haiwezi kusimama badala yake? Na hili la unyevu mlilogusia, Dar hapa ninapofanyia kazi ni banda la mabati wazi pande mbili, upepo wa bahari unaingia. Kuna shida?

babu_udi

Assalaam alaykum vijana. Mimi naunda maudi, zile ala za nyuzi za taarabu, hapa Unguja, mjini, kazi niliyoachiwa na marehemu ammi yangu, na magitaa nimeyatengeneza zaidi kwa kuyatibu kuliko kuyaunda. Nimesoma yote mloandika na yamenipendeza.

Mwanangu wa Keko, paini ile inakua upesi, mwaka mmoja mstari mmoja mpana kama kidole, na baina ya mstari na mstari ni laini kama mkate. Ubao wa uso unataka mti ulokua kwa tabu, penye baridi, mistari imebanana. Tumia paini kufanyia mazoezi, unda uso mmoja wa paini na uukunje na uugonge na uuvunje, mkono ujifunze. Uso wa gitaa agiza.

Sasa n'kwambie habari ya unyevu, kwani magitaa mengi yanayoletwa kwangu yamekufa kwa hilo, si kwa kuanguka. Mbao ni kitu kinachopumua. Kwetu hapa pwani hewa ina maji, kipimo kinasoma 75, 80 kwa mia, asubuhi zaidi. Mbao iliyokaa katika hewa hiyo imenenepa kwa upana, kwa urefu haibadiliki kitu. Ukiigundisha ikiwa imenenepa, na ndani umeweka fimbo zilizopita kwa mkingamo ambazo hazinepi wala hazikondi kwa urefu wao, umeifunga. Siku gitaa linakwenda Dodoma, au Ulaya kwenye nyumba ya hita, uso unataka kukonda na fimbo zinaukatalia. Uso wa upana wa sentimita 37 ukitoka unyevu wa 80 kwenda 45 hutaka kupungua milimita tatu na zaidi. Hauna pa kuzitoa. Hupasuka, na hupasuka palepale chini ya daraja, kile kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi, au pembeni mwa ubao wa freti.

Kinyume chake si kibaya hivyo. Gitaa lilogundishwa likiwa kavu likija pwani litavimba tumbo kidogo, nyuzi zitapanda juu, utachonga kifupa kinachobeba nyuzi utaishi nalo. Basi kanuni ni moja, gundisha kikavu.

Wewe ni fundi wa makabati, Mungu kakusahilishia. Unda kabati dogo lisopitisha hewa sana, chini weka balbu ya moto ya zamani, ya wati 60, mbali na mbao, juu tundu dogo, na ndani kipima unyevu, hivi vidogo vya betri si ghali. Hewa ile ile ya Dar ya nyuzi joto 28 ukiipasha ikafika 38, unyevu wake unashuka mpaka karibu 45 bila ya kuondosha tone la maji. Uso, mgongo na zile fimbo zikae humo wiki tatu, ukitaka kugundisha unazitoa, unagundisha, unazirejesha. Na fanya kazi hiyo baina ya mwezi wa saba na wa tisa, mchana, hewa inapokuwa nyepesi. Masika usigundishe uso. Chonga shingo masika.

Kuhusu kukunja, kipande ulichokichemsha kilivunjika kwa sababu mbili. Maji yakichemka hayapiti nyuzi joto 100, na ubao unataka zaidi ya hapo ndipo ile gundi yake ya asili inayoshika nyuzi za mti ilainike. Na naona hukutuambia unene, naamini ulikuwa nao milimita nne au tano. Piga randa mpaka mbili, sawasawa kote, kwani panapokuwa pembamba ndipo patakapokunjika peke yake. Chukua bomba la chuma nene la nchi mbili na nusu au tatu, lifunge kwenye jiriwa, ndani tia makaa. Dondoshea tone la maji, likirukaruka na kukimbia bomba limekuwa tayari. Loweka ubavu dakika chache tu, uweke juu ya bomba na uusukume taratibu kwa kibao upande wa nje, na usiupindishe. Ungoje. Utausikia wenyewe chini ya vidole, ghafla unaregea kama ngozi iliyoloa. Hapo unauongoza, hulazimishi. Kiuno cha gitaa anza nacho kwanza. Mimi mbavu za udi nakunja kumi na tisa kwa udi mmoja na kila mmoja nauwekea mkono hivyo hivyo kama wa mwanzo.

Na zile fimbo saba za ndani mafundi wa majahazi wangeziita mataruma. Jahazi na gitaa na udi ni kazi moja, ganda jembamba na mataruma.

fundi_keko

Shikamoo mzee wangu. Kipande kilikuwa mm 5 kasoro, umesema kama ulikuwepo. Naomba Mungu akupe umri, nitakuja Unguja nikuone ukiniruhusu.

babu_udi

Marahaba. Njoo, na uje na randa yako tuitazame.

mbongo_granada

Mzee shikamoo. Hilo la kabati la balbu nalichukua na mimi, huku karakana ina mashine ya kunyonya unyevu ila kwa mtu anayeanza nyumbani hiyo ni bora.

Narudi kwenye freti maana hatukulimaliza. Acha kunakili. Kwanza penseli ni nene, pili gitaa lako la zamani huenda urefu wake si 650. Chagua urefu wa uzi, yaani kutoka kifupa cha juu mpaka kifupa cha kwenye daraja, kawaida ya klasiki ni mm 650. Gawanya 650 kwa 17.817, unapata 36.48, hapo ndo freti ya kwanza. Kilichobaki, 613.52, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.43, ndo umbali wa kwenda freti ya pili. Unaendelea hivyo mpaka freti ya 19. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ukifika freti ya 12 jumla lazima iwe 325, nusu kamili, isipokuwa 325 kuna mahali umekosea rudi nyuma.

Ila ukienda kuweka alama kwenye mpingo usipime freti kwa freti. Pima zote kutoka mwanzo, rula imelala pale pale haisogei: 36.5, 70.9, ya tano 163.0, ya saba 216.2. Ukipima moja moja kosa la robo milimita linajumlishwa mara kumi na tisa na ndo hizo noti zako za juu zilipopotelea. Alama weka kwa kisu chenye ncha, na msumeno ufuate mkwaruzo wa kisu. Mfereji uwe na upana wa mm 0.6 hivi, hakikisha na waya wa freti ulionao kabla hujakata wote.

Na kifupa cha daraja usikiweke 650 kamili, kirudishe nyuma mm moja na nusu mpaka mbili, kwa sababu kidole kikibonyeza uzi kinauvuta kidogo na noti inapanda. Ubao wa freti wa klasiki ni bapa hauna mgongo, upana mm 52 juu na 62 pale freti ya 12, ambapo ndo mwili unaanza.

Kitu kingine kwa vile wewe ni seremala najua utataka kuunga shingo na mwili kwa ulimi na tundu. Wahispania hawafanyi hivyo. Kisigino cha shingo kinakatwa mifereji miwili, kulia na kushoto, na mbavu zinaingia humo. Gitaa linaundwa limelala kifudifudi juu ya ubao unaoitwa solera, umechimbwa kidogo, mm 2 au 3 tu kwenye eneo la tumbo ili uso upate kifua. Unaweka uso, unagundisha shingo kwenye uso, unaleta mbavu, mwisho mgongo unafunika. Hakuna kalibu ya nje, macho yako na solera basi. Klempu nane zinatosha. Za kubandikia mataruma (asante mzee kwa neno) tumia fito za mianzi, unazikunja kati ya ubao mgumu wa juu na kazi yako, kila fito inasukuma chini yenyewe. Na mpira wa tyubu ya baiskeli ukiukata utepe mrefu, unafungia mgongo kuzunguka mwili wote kama bandeji. Hata hapa Granada tunautumia.

Sprusi nitakutafutia seti mbili, Desemba nakuja Dar. Moja ya kuharibu.

mpiga_solo

Mimi si fundi mimi ni mpigaji tu ila naomba niweke tahadhari. Gitaa likiisha usije ukafunga nyuzi za waya kwa sababu zinalia zaidi au kwa sababu za nailoni zimeisha dukani. Nilifanya hivyo mwaka 2016 kwenye gitaa la klasiki nililopewa na baba mdogo, lililia vizuri siku nne, siku ya tano nipo nalo chumbani mchana wa joto daraja likang'oka na kipande cha uso, sauti kama bunduki. Baadaye nikaja kuelewa, seti ya nailoni inavuta jumla karibu kilo 40, za waya zile za kawaida zinapita 70, na daraja la klasiki halina pini limeshikwa na gundi peke yake. Mpaka leo nikilitazama naumia, baba mdogo hayupo tena na lile gitaa sikuweza kulirudisha.

Na gundi nyeupe ya kawaida ya mbao nimeambiwa inaregea kwenye joto, gari likiwa juani inatosha. Mafundi mseme kama ni kweli.

saipresi_nyandarua

Ni kweli ndugu, pole sana. Gundi nyeupe ikipata joto na mvuto kwa pamoja inateleza kidogo kidogo bila kuachia, unakuja kuona daraja limesogea. Kwa daraja na mataruma natumia gundi ya ngozi, ile ya chembechembe unaloweka unapasha kwa maji ya moto, haisogei, na siku ukitaka kufungua gitaa kulitengeneza inakubali kwa maji na joto. Ile ya njano ya mbao pia iko sawa. Nyeupe weka kwa makabati.

Na rangi jamani. Fundi wa fanicha akimaliza mkono unaenda kwa sendingi sila na klia ya kupuliza, mikono minne mitano mpaka ing'ae kama kioo. Usifanye hivyo usoni, umehangaika kupunguza ubao mpaka mm 2 halafu unaupaka ngozi ya plastiki. Tumia sheleki iliyoyeyushwa kwa spiriti, unapaka kwa kidonge cha kitambaa, nyembamba nyembamba, siku nyingi.

mtu_wa_kilwa

Habari zenu. Nimeona habari ya mpingo wa "jamaa analeta toka Lindi" nikaona nisipite kimya. Mpingo hapa kwetu unachukua miaka mingi sana kufikia kukatwa, zaidi ya umri wa mtu mmoja, na ukikatwa kiholela kijiji hakipati kitu. Kilwa kuna vijiji vina misitu yao vinaisimamia vyenyewe na mwaka 2009 ilipata cheti cha FSC, yaani cha msitu unaotunzwa vizuri, hela inarudi kijijini. Muulize huyo jamaa kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, kama hana achana naye, TFS, wale wakala wa misitu, wakikukuta nao bila karatasi utapoteza mzigo na faini juu. Na kwa ubao wa freti mmoja huhitaji gogo, viwanda vinavyopasua mpingo wa klarineti vinabaki na mabaki mengi, tafuta mabaki yenye karatasi.

Pia kama gitaa litatoka nchini, ukoo wote wa Dalbergia uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, toka Januari 2017, isipokuwa rozwudi ya Brazili ambayo iko orodha ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye usumbufu wa vibali, kwahiyo gitaa zima linapita ila mbao ghafi bado inataka kibali.

fundi_keko

Wakuu nimechelewa kurudi. Jamaa nilimuuliza karatasi akaanza kunizungusha, nimemrudishia mapande yake. Nimepata kipande cha mabaki chenye risiti, sm 52 kwa 8, nimekipiga randa upande mmoja kikatoka cheusi chenye michirizi ya zambarau kwa mbali, sijawahi kuona mbao inang'aa bila rangi namna hiyo. Patasi nimeinoa mara sita kwa kipande kimoja.

Saipresi nimeipata Tegeta, mzigo wa Lushoto, nimechambua lori zima vijana wa yadi wakanikasirikia, nimetoka na mbao mbili zenye mistari wima. Zipo juu ya dari jikoni, mke wangu amekubali mpaka mwakani. Ila kipande kidogo cha ubao wa zamani wa saipresi niliokuwa nao dukani kilishakauka, nikatoa mbavu tatu za mm 2 nikazipeleka kwenye bomba la mkaa kama mzee alivyoelekeza. Ubavu wa kwanza ulipasuka. Wa pili nilikuwa na haraka ukapinda kiunoni. Wa tatu nikangoja, nikangoja, halafu ukaregea chini ya vidole vyangu kama mzee alivyosema na nikauongoza mpaka ukaingia kwenye mchoro. Nilikaa chini mzee. Umefungwa kwa mpira wa tyubu hapa mbele yangu hauendi popote.

Kabati la balbu limekamilika jana. Nje ya banda saa kumi na mbili asubuhi kipimo kilisoma 83, ndani ya kabati 46. Humo nimeweka uso wa paini wa mazoezi na vijiti saba, leo ni siku ya kwanza.

Mbongo Granada, hizo seti mbili naomba ziwe tatu.